Tunaua wanaoelea, waliong'ang'ania tunawaacha

Mvua zikianza tu huku kwetu Mtwara na Lindi matangazo ni yaleyale, gari la spika linapita mtaani, chemsha maji, tia dawa ya maji, nawa mikono kwa sabuni, na mimi sina ugomvi na hata neno moja la hapo, wanachosema ni kweli na kimeokoa watu wengi. Ninachopigia kelele ni kwamba ujumbe wote huo unamlenga mdudu anayeelea ndani ya maji, yule ambaye ukimchemsha amekufa na ukimtilia klorini amekufa. Sasa Salmonella, hili kundi lenye wale wanaoleta taifodi na wale wengine wanaotuharisha kwa kuku na mayai, ana maisha mengine ambayo hatuyazungumzii kabisa. Akipata pa kushika anashika. Anajibandika ukutani, anajifunika na ute wake mwenyewe, anaishi kikundi, na akishafika hapo zile dawa zetu zote za kumimina zinapungua nguvu sana. Utando huo ndo nataka tuuongelee leo, kwa sababu naona afya ya jamii huku kwetu inapoteza nguvu nyingi kwa kutouangalia.

Inakuwaje hasa. Bakteria mmoja anagusa sehemu yenye unyevu, inaweza kuwa plastiki, bati, mbao, raba ya mfuniko, ganda la yai, hata jani la saladi, anashika kwa vinywele vyake, ndani ya masaa wameshakuwa wengi na wanaanza kujenga. Wanatoa nyuzi za protini, wataalamu wanaziita kurli, nyuzi ngumu kweli ambazo hata vimeng'enya vya kumeng'enya protini vinahangaika nazo, afu wanatoa selulosi, yaani ileile iliyopo kwenye pamba na karatasi, wanachanganya na sukari nyingine na vipande vya DNA, inakuwa kama gundi inayowafunika wote. Ukimwotesha maabara kwenye sahani yenye rangi nyekundu inayoitwa nyekundu ya Kongo, yule mwenye uwezo wa kujenga utando anatoka tofauti kabisa na mwenzake: kundi jekundu, kavu, limejikunja mikunjo, ukiligusa na kijiti linanyanyuka kipande kizima. Yule asiyejenga anabaki laini anang'aa tu. Kuna protini moja ndani yake, CsgD, ndo inayotoa amri ya kuanza ujenzi, na kwa aina nyingi za Salmonella amri hiyo inatoka vizuri zaidi joto likiwa chini ya nyuzi 30, chakula kikiwa kidogo na chumvi ikiwa kidogo. Fikiria hapo. Nyuzi 26, 28, kivulini, maji baridi yasiyo na chumvi, chakula haba, hiyo ni kona ya jikoni ya nyumba yoyote ya Chuno au Mikindani miezi mingi ya mwaka. Ndani ya mwili wako kwenye nyuzi 37 wengi wao wanazima ujenzi na kuanza kazi nyingine ya kushambulia utumbo, wakitoka nje wanawasha tena.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachotokea ukija na dawa. Klorini inafanya kazi kwa kuunguza kitu chochote cha kikaboni inachokutana nacho, haichagui, kwahiyo ikifika kwenye utando inaanza kuunguza ule ute wa juu na kumalizikia hapohapo kabla haijafika chini walipo wenyewe. Na walio chini kabisa hawapati chakula cha kutosha hivo wamelala, hawazaliani, na antibayotiki nyingi zinamuua bakteria wakati anakua na kujigawa, aliyelala zinampita. Ni kama kichuguu, unaweza kupondaponda mchwa wote unaowaona wakitembea juu ya udongo na ukasema umemaliza, kichuguu kipo, malkia yupo chini, wiki ijayo wametoka wengine. Na utando ukikomaa wenyewe unaachia vipande, vinabanduka vinaingia kwenye maji au kwenye chakula, kwahiyo maji yaliyotoka bombani yakiwa safi kabisa yanachafukia ndani ya chombo chako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye dumu.

Anayeishi uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba huko, anajua maji ni nini. Kule juu maji ya ardhini yako mbali sana, watu wamezoea miaka na miaka kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyaweka kwenye visima vya saruji walivyochimba nyumbani, na pale miradi ya maji ilipofika bado mgao upo, kwahiyo maji yanakaa. Yanakaa kwenye kisima, yanakaa kwenye jaba, yanakaa kwenye madumu ya lita 20 yaliyopangwa ukutani. Mjini Mtwara na Lindi pia ni hivohivo, nani hana jaba uani? Chukua dumu lolote la njano lililotumika mwaka mzima, ingiza kidole kwenye shingo uguse upande wa ndani pale chini ya mdomo. Kinateleza. Ukivuta kidole kinatoka na kitu cha kijivu au kijani kidogo, hakina harufu kali, na mwenye dumu atakwambia hapa tunasuuza kila siku. Na anasema kweli, anasuuza. Kusuuza kunaondoa wanaoelea.

Sitaki kumtisha mtu, si kila utelezi wa kwenye dumu una Salmonella, mwingi ni bakteria wa kawaida wa majini na mwani. Lakini utando ukishakuwepo wa hao wengine, mgeni akiingia kwenye maji, kutoka kwenye kata iliyoshikwa na mkono mchafu au kinyesi cha mjusi kilichotoka kwenye bati, anakuta mji umeshajengwa, hana haja ya kuanza upya. Mjusi nimemtaja makusudi, wanyama wa jamii ya mijusi, nyoka na kobe wanajulikana kubeba Salmonella bila kuumwa, na kwenye mabati yetu mijusi wanashinda juani. Afrika Kusini watafiti walishachunguza vyombo vya plastiki vya kuwekea maji majumbani wakakuta utando ndani yake unachangia kuchafua maji yaliyoingia yakiwa mazuri. Ukitia dawa ya maji kwenye dumu lenye utelezi, kiasi kikubwa cha dawa kinaliwa na ule utelezi, na wewe unakunywa ukiamini kipimo cha kifuniko kimoja kimetosha.

Hapa kuna mvutano ambao wataalamu wetu wa afya mazingira inabidi wauseme waziwazi maana wananchi wanapewa nusu. Tunashauriwa tutumie chombo chenye mdomo mdogo ili watu wasichovye mikono na vikombe, ushauri mzuri, umefanyiwa kazi nchi nyingi. Ila chombo chenye mdomo mdogo hakiingii mkono wa kusugua. Wamama zetu walishagundua zamani, wanatia kokoto na mchanga na maji kidogo ndani ya dumu wanalitikisa kwa nguvu mpaka linatoka jeupe, na kanuni yao ni sahihi mia kwa mia, utando unaondoka kwa msuguano. Tatizo ni mchanga unaochotwa uani palepale kuku wanapotembea, na mchanga mkali unachubua plastiki, michubuko inakuwa mashimo madogo ambayo bakteria anajificha vizuri kuliko mwanzo. Kokoto laini zilizooshwa, maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, suuza, halafu klorini iwe ya mwisho, na dumu ligeuzwe likauke juani mdomo chini. Mpangilio huo ndo wenyewe, klorini inakuja baada ya kusugua. Kwa maji ya kunywa bora zaidi ni ndoo yenye mfuniko na koki, unaingiza mkono wote unasugua, na kunywa unafungulia koki. Ila na koki yenyewe ifunguliwe isuguliwe, tena ukitaka kujua uzembe wetu ulipo chungulia ndani ya koki ya ndoo ya kunawia mikono iliyopo mlangoni mwa ofisi yoyote tangu kipindi cha korona.

Nije kwenye kuku, maana huku ndo kwenye zile Salmonella zinazoitwa Typhimurium na Enteritidis, ambazo tofauti na ya taifodi zinaishi kwa wanyama na zinajenga utando vizuri sana. Nenda sokoni asubuhi panapochinjwa kuku wa kisasa. Kuna pipa la maji ya moto juu ya mafiga, kuku anachinjwa anatumbukizwa anageuzwageuzwa anatolewa, ananyonyolewa kwenye meza ya mbao, anayefuata anaingia maji yaleyale. Kuku wa kwanza anakuta maji yanachemka. Akifika kuku wa thelathini maji yamekuwa ya kahawia, yamepoa, juu kuna manyoya na povu na kinyesi kilichomtoka kuku wakati anakufa, na mafuta ya ngozi yameshika pembeni mwa pipa mstari mzima. Ule mstari ndo wenyewe. Jioni pipa linamwagwa, linasuuzwa na ndoo moja ya maji, linafunikwa. Kesho asubuhi maji mapya, mstari wa jana. Na meza ya kunyonyolea ina mikato ya visu ya miaka, kwenye mikato hiyo hakuna dekio linalofika.

Kuku yule anaenda kwa mkaanga chipsi. Yeye anamkaanga vizuri, mafuta ya moto yanaua kila kitu, kuku mwenyewe hana neno. Ila ubao aliomkatia ndo huohuo anakatia nyanya, kitunguu na kabeji ya kachumbari, na kachumbari haipiti motoni. Nimekaa mara nyingi kwenye vibanda vya jioni pale karibu na stendi ya Mkanaledi na ninawapenda hawa vijana, wanafanya kazi ngumu na wanalisha mji, ninachokiona mimi ni ubao unafutwa na kitambaa, kitambaa kinakamuliwa kwenye maji ya ndoo, ndoo inatumika mpaka usiku. Kitambaa chenye unyevu muda wote kina utando wake pia. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwa vitendo, wanachoulizwa ni cheti.

Hiki cheti nacho tukiangalie. Wanaouza chakula Tanzania wanatakiwa wapime afya kila miezi sita, mojawapo ya lengo ni kumpata mtu anayebeba taifodi bila kuumwa. Huyu mtu yupo kweli. Kati ya wagonjwa mia wa taifodi, mmoja mpaka watano hivi wanapona kabisa, homa imekwisha, wanakula wanashiba wanaenda shambani, lakini mwaka mzima au zaidi bado wanatoa bakteria kwenye haja kubwa. Anajificha wapi? Kwenye mfuko wa nyongo. Na anajificha vizuri zaidi pale mtu anapokuwa na mawe kwenye nyongo, mawe yanayotokana na kolesteroli, kwa sababu jiwe ni sehemu ya kushika, na nyongo ambayo ingepaswa kumsumbua ndo kwanza inamchochea ajenge utando juu ya lile jiwe. Mwaka 2010 watafiti walichapisha picha za darubini za mawe yaliyotolewa kwa wabebaji huko Mexico City, utando wa Salmonella Typhi, yule wa taifodi, umefunika jiwe. Mawe ya nyongo yanawapata zaidi wanawake na watu waliovuka umri wa ujana, na kwa mpangilio wa maisha yetu hao ndo wapishi wa familia, wa misiba, wa harusi na wa migahawa.

Kisa cha Mary Mallon wengi wamekisikia, mpishi wa Marekani mwenye asili ya Ireland aliyekuwa anapikia familia za matajiri wa New York, kila anakohamia watu wanaugua taifodi, mwenyewe mzima. Mhandisi wa usafi wa mazingira, George Soper, alimfuatilia mpaka 1907 akabainika anabeba, wakamweka kisiwani, 1910 wakamwachia kwa masharti asipike tena, akarudi kupika kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya kumlipa vile, 1915 wakamkamata tena na akakaa kisiwani mpaka alipofariki 1938. Mimi kinachoniuma kwenye habari ile ni kwamba walimchukulia kama mhalifu, hawakumfundisha kitu akaelewa wala hawakumpa riziki mbadala ya maana. Tukianza kuwasaka mama ntilie wa Lindi kwa mtindo huo watajificha wote na cheti watanunua.

Na kitaalamu kipimo kimoja cha choo hakitoshi kumpata mbebaji. Ule utando kwenye jiwe unaachia bakteria kwa vipindi, leo wametoka wengi, wiki ijayo hakuna, kwahiyo mtu akipima siku ambayo hawakutoka anapewa cheti safi na ni mbebaji. Ndo maana kwenye taratibu za kumthibitisha mbebaji wanachukua sampuli zaidi ya moja kwa siku tofauti. Sisi tunachukua moja kila miezi sita na tunalala usingizi. Bora nguvu hiyohiyo na fedha ileile iende kwenye choo chenye maji na sabuni pale anapofanyia kazi, kwa sababu mbebaji anayenawa vizuri baada ya choo anapunguza sana hatari ya kumwambukiza mtu, na asiyebeba ila ana ndoo yenye utelezi anaweza kuwaangusha watu wengi tu.

Wagonjwa nao wana upande wao kwenye hili. Huku kwetu kila mtu ana "taifodi sugu". Ukiumwa kichwa na kukosa hamu ya kula unaenda maabara ya mtaani, unatolewa damu, inachanganywa na kimiminika kwenye kioo, baada ya dakika chache una taifodi na malaria na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa pamoja, unapewa antibayotiki ya sipro, unapona kidogo, baada ya mwezi unarudi, umeambiwa imerudi. Kile kipimo ni Widal, kina zaidi ya miaka mia, kimeanza 1896, kinatafuta askari wa mwili wako ambao wanaweza kuwa wamebaki tangu ulipougua zamani au wametokana na Salmonella nyingine kabisa. Utafiti uliofanyika kwa watoto waliolazwa Muheza, Tanga, ukachapishwa 2010, ulionyesha kwamba kati ya watoto ambao Widal imesema wana taifodi ni kama robo tu ndo walikuwa nayo kweli damu ilipooteshwa. Robo! Na kuotesha damu kwenyewe hakukamati wote, kunakamata kama sita katika kumi, lakini angalau akionekana ni yeye na unajua dawa gani inamuweza.

Kwahiyo hawa wa taifodi sugu wako makundi mawili na tunawatibu sawa. Kundi kubwa hawana taifodi kabisa, wana kitu kingine ambacho hakijatafutwa, na kila dozi wanayokunywa inawafundisha bakteria wengine tumboni mwao usugu. Kundi dogo wameugua kweli, wakapona, wakabaki na bakteria amejenga kwenye nyongo, na hawa dozi fupi ya sipro haiwasaidii, wanahitaji dawa za wiki kadhaa chini ya daktari, na kama mawe yapo mara nyingi inabidi mfuko wa nyongo utolewe kwa upasuaji, na hata hapo si wote wanaopona. Kumgundua mtu wa kundi hili unahitaji ultrasaundi ya tumbo na kuotesha choo mara kadhaa. Mtu akikaa na historia ya taifodi iliyothibitishwa na anaumwa upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula mafuta, aseme yote mawili kwa daktari, asiseme moja.

Kuna jambo lazima niliweke wazi ili nisionekane nauza dodoki kama dawa ya kila kitu. Kusini mwa jangwa la Sahara kuna Salmonella Typhimurium ya ukoo unaoitwa ST313, imechunguzwa sana Malawi hapo jirani na Kenya pia, hii inaingia kwenye damu ya watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo na watu wazima wenye VVU, mara nyingi hata kuharisha hakuna, ni homa tu, na inaua. Watafiti walipoiangalia ile ya Malawi wakakuta imepoteza uwezo wa kujenga utando, jeni za ujenzi zimeharibika, ile mikunjo myekundu kwenye sahani haitoki. Wanaisoma kama dalili kwamba imeacha kutegemea maisha ya nje, imejizoesha kukaa kwa binadamu. Kwa hiyo hapo ubao na pipa haviwezi kuwa jibu kuu, jibu ni chandarua, lishe ya mtoto, dawa za VVU kwa wakati, na muuguzi anayejua kwamba homa yenye malaria inaweza kuwa na Salmonella nyuma yake. Na chanjo ya taifodi ambayo Malawi wameanza kuwapa watoto nchi nzima tangu 2023 haiigusi hii, inamzuia Typhi peke yake. Nafurahi chanjo ipo na natamani tuipate, ila tusije tukaambiana kwamba ikija tumemaliza Salmonella.

Upande mwingine wa Salmonella uko mfukoni mwetu kabisa, nao ni ufuta. Lindi ndo inaongoza kwa ufuta nchi hii, Mtwara nayo ipo, msimu wa mnada watu wanakesha kwenye AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, kusikiliza bei. Umoja wa Ulaya umeshaweka ufuta wa baadhi ya nchi za Afrika, Sudan, Nigeria, Ethiopia na Uganda zikiwemo, kwenye orodha ya mizigo inayokaguliwa kwa nguvu mpakani, sababu ni Salmonella. Watu wanashangaa, ufuta mkavu vile bakteria anaishi vipi? Anaishi kwa sababu ya zile kurli na selulosi, zinamkinga asikauke akafa, kwenye majaribio waliokaushwa juu ya plastiki wakiwa na utando wameishi miezi mingi bila chakula, na wakikauka ndo wanakuwa wagumu hata kwa moto wa kukaangia. Marekani mwaka 2008 kuelekea 2009 siagi ya karanga ya kiwanda kimoja iliugulisha watu 714 waliothibitishwa na tisa wakafa, mwenye kiwanda 2015 akahukumiwa miaka 28 jela maana alijua na akauza. Karanga kavu, kiwanda kinavuja paa.

Huku kwetu ufuta unakatwa, unasimamishwa matita shambani, unapukutishwa juu ya turubai au wakati mwingine chini kabisa, mbuzi na kuku wanapita, afu unaingia gunia ambalo mwaka jana lilikuwa na kitu kingine. Turubai lile lina mikunjo yenye udongo wa msimu uliopita. Halioshwi, linakung'utwa. Bei ya ufuta wetu ikikatwa kwa sababu ya mzigo mmoja uliokutwa na Salmonella bandarini, anayelipa ni mkulima wa Nachingwea na Ruangwa ambaye hajawahi kusikia hilo neno. Vyama vyetu vikuu vya ushirika vinakata fedha kila kilo, sioni kwa nini sehemu ya hizo isitoe turubai safi na mafunzo ya kuosha na kukausha kabla msimu haujafunguliwa. Na korosho za kubanguliwa majumbani zinazouzwa kwenye vifuko barabarani ni vilevile, ikikaangwa vizuri imeshapunguza sana wadudu, ila inamwagwa kwenye beseni gani kupoa?

Tangu shughuli za chakula zihamishwe kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda shirika la viwango, TBS, mwaka 2019, kwa bucha, kibanda na genge la mtaani mtu tunayemuona zaidi ni bwana afya wa halmashauri. Akija anaangalia cheti, joho jeupe, choo, mashimo ya taka, maji yamechemshwa au hayajachemshwa. Ningependa aweke kidole. Aguse ndani ya pipa la kunyonyolea, apitishe kisu kwenye mkato wa ubao aone kinachotoka, afungue koki ya ndoo, akunjue kitambaa. Hivi havihitaji maabara wala bajeti, vinahitaji mstari mmoja uongezwe kwenye fomu anayojaza, na badala ya faini ya kwanza awe na brashi ngumu mkononi aonyeshe jinsi ya kusugua kwa sabuni, kusuuza, kuacha pakauke, ndo dawa ifuate. Ubao uliochimbika mikato uparuliwe au uachwe, na pawe na ubao wa nyama na ubao wa mbogamboga, viwili, visiwe kimoja. Hospitali zetu za mikoa, Mtwara na Lindi zote, zipewe vifaa vya kuotesha damu vya kutosha na watu wa kuvisoma usiku na mchana ili Widal ipumzike.

Na kamati za maji za vijiji kule Newala na Tandahimba wana nafasi ambayo mjini hatuna, kwa sababu kuna wiki kadhaa kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, ambapo visima vya mvua na matanki ya shule yanakauka au yanabaki na maji ya kwenye kifundo cha mguu. Wakati huo ndo kuta zinafikika. Watu wawili kwa zamu, mmoja juu mmoja ndani, mfuniko wazi muda mrefu kabla ya kuingia na klorini isimwagwe mtu akiwa bado ndani, brashi, sabuni, kuta zisuguliwe mpaka zikwaruze mkono, maji machafu yatolewe yote, kisha dawa, na mvua ya kwanza ya bati isiingizwe kisimani, imwagwe. Shule zikifungwa Desemba na mvua zikaanza kabla hayo hayajafanyika, ni mpaka mwaka mwingine.